Matanga ya Benki

Benki ya mjini ilipofungwa, Bi Sikudhani, ambaye akiba yake yote ya kuezekea nyumba ilikuwa humo, alikwenda na mkeka wake wa ukili, akautandika mlangoni.

Mfilisi, aliyeletwa kuuza mali ya benki, akafungua mlango nusu. "Mama, nenda nyumbani. Benki imekufa."

"Imekufa? Pole, mwanangu. Basi nimekuja matangani. Na sisi hatuanui matanga mpaka kila mwenye haki ajue fungu lake."

Wanawake wengine wakaja na mikeka yao, mmoja na birika la kahawa. Kufika alasiri, ngazi zote zimetandikwa. Mfilisi akatoka, akakosa pa kukanyaga. Akasimama, kisha akainama taratibu kufungua kamba za viatu.