Kitufe cha Kuendelea

Mbunifu wa masomo ya kwenye simu alifika mlangoni kwa mwanafunzi mmoja, akachungulia ndani kabla ya kupiga hodi.

Alikuja kukagua simu ya mwanafunzi huyo, akiamini kioo chake ni kibovu. Kwa wiki sita mfumo ulionyesha kuwa miguso yake kwenye kioo ilikuwa mipana kuliko kidole cha binadamu, na bado ndiye aliyeongoza darasa zima la uuguzi.

Mwanafunzi alikaa mezani, pacha mmoja akinyonya kushoto, mwingine amesinzia mkono wa kulia. Simu iliegemea kikombe. Alisoma swali, akawaza, akainama polepole asiwasumbue watoto, akabonyeza jibu kwa pua.

Ncha ya pua ilikuwa imechubuka.

“Karibu, kaka. Mwenye macho haambiwi tazama,” alinong'ona. “Ila hicho kitufe chenu cha kuendelea, kule juu kabisa, kinanimaliza shingo.”

Mbunifu mwenyewe ndiye aliyekiweka kule, kwa sababu palipendeza.

“Umemaliza masomo mangapi namna hii?”

“Yote. Sasa narudia.”

Mbunifu alivuta kiti. Akaegemeza simu yake kwenye kikombe hichohicho, akafungua somo la kwanza, akafunga mikono nyuma, akainama.