Pigo Moja

Binti alikuja karakanani na maneno tayari mdomoni: "Baba, pumzika sasa, kazi niachie mimi." Wateja walikuwa wamechoshwa na misumari iliyopinda. "Pigo Moja, leo umepiga mangapi?" walimtania mzee, naye akicheka tu. Binti alidhani hilo jina walimpa kwa kejeli.

Baba alikuwa peke yake, ameupa mlango mgongo, anaunga kiti. Nyundo ilikuwa katika mkono wa kulia.

Akaishusha mara moja tu, na msumari ukazama wote. Akachukua wa pili. Nao ukazama, kama umetiwa kwenye siagi.

Binti akaganda pale mlangoni. Yeye ni wa mkono wa kushoto. Siku ya kwanza ya kumfundisha, baba alishika nyundo kwa kushoto, akamwambia, "Sisi wawili ni watu wa kushoto, mwanangu. Niige mimi." Tangu hapo hakuwahi kumwona akiishika vinginevyo.

Akakitazama kidole gumba cha kulia cha baba, kile ambacho hushikilia msumari anapopiga kwa kushoto. Ukucha wake mweusi, uliopondeka, binti mwenyewe alikuwa ameufunga kitambaa mara nyingi huku akimcheka baba.

Ubao ukalia chini ya mguu wake. Baba akageuka, na nyundo ikahamia kushoto upesi.

"Umekuja, mama? Nishikie hapa." Akapiga. Msumari ukapinda. "Uzee huu!"



"Mimi bado sijajua, baba," akasema. "Nionyeshe tena."