Mguu Usiotulia

"Siendi!" Dereva aling'ang'ania fremu ya mlango kwa mikono miwili. "Mguu ni wangu. Ukitaka kucheza, uache ucheze."

Mkewe, mwokaji mikate, alimsukuma mgongoni kwa bega. "Tangu wiki iliyopita unaitikisa meza mpaka chai inamwagika. Leo hospitali utakwenda, hata nikubebe."

"Unibebe wewe?"

"Nijaribu uone. Sikio la kufa halisikii dawa, na lako lishaanza kunuka!"

Hakuna aliyewahi kumjaribu mama huyo akashinda. Majirani walikuwa na msemo wao: ukimkataza jambo, umemtuma. Mumewe aliuachia mlango, akavaa viatu huku akinung'unika.

Tangu astaafu udereva, yeye ndiye aliyekuwa akikanda unga alfajiri. Mkewe alisimama kando na kuamrisha: geuza, sukuma, usiubembeleze kama mtoto. "Nimekanda peke yangu maisha yote," aliwaambia wateja, "sasa na yeye aonje." Wateja wakacheka, wakachukua mikate yao.

Njiani dereva alichechemea kila mkewe alipomtazama. Wakiwa kwenye benchi la kusubiri, alifungua chupa ya maji, akamkabidhi mkewe bila kuombwa, kisha akaanza upya.

"Bado tunaweza kurudi. Watu wenye akili zao hawaji hospitali kwa sababu ya kamsuli."

"Wenye akili zao ndio wanaokuja. Kaa chini!"

Daktari alikuwa binti mpole asiye na haraka. Alimtembeza mzee kwa visigino, akamtembeza kwa vidole, akamwambia ausukume mkono wake kwa unyayo. Kisha akalitazama shavu la mguu kwa muda mrefu.

"Mbona kwangu umetulia?"

"Umekuonea haya," alijibu dereva.

"Usimsikilize, daktari," mkewe alidakia. "Nyumbani ni ngoma tupu!"

"Mzee, unajikwaa? Mwili unaishiwa nguvu? Vitu vinakuponyoka mkononi?"

"Hata kidogo."

Mwokaji aligeuka, akawa anatazama dirishani.

"Basi msihangaike," alisema daktari. "Msuli kuchezacheza peke yake, mara nyingi ni uchovu, kahawa nyingi au usingizi haba. Utapumzika, utapunguza kahawa, na hali hiyo itaisha. Lakini msuli ukicheza huku nguvu zinapungua, au nyama inakonda, hapo hakuna cha kungoja. Mtu aje mapema, tumpime."

"Si umesikia? Kahawa!" Mkewe alikuwa ameshasimama. "Nilijua tu. Asante, mwanangu. Haya mzee, inuka twende, watu wanataka mikate."

Dereva hakuinuka. Hata kunung'unika aliacha.

"Mguu wangu haujawahi kucheza, daktari. Nilikuwa nautikisa mwenyewe." Akaushika mkono wa kulia wa mkewe, uliokonda kuliko wa kushoto, akaulaza taratibu juu ya meza. "Mgonjwa niliyemleta ni huyu."