Mayai Yenye Nyufa

Kila Jumamosi jioni, kabla ya kufika nyumbani, Baba Pacha alipita nyuma ya karakana ya seremala, akachuchumaa, akatoa kijiko mfukoni na kuanza kuyagonga mayai. Moja moja, taratibu, ubavuni, mpaka ganda liingie ufa bila ute kumwagika. Akimaliza aliyafukia tena kwenye maranda ndani ya ndoo, akajipangusa mikono na kuendelea na safari.

Ilibidi yawe na nyufa. Miaka yote alikuwa mchambuzi wa mayai kwenye shamba kubwa la kuku nje ya mji. Mayai mazima yalipakiwa kwenye malori, na yale yaliyopata ufa yaligawiwa wafanyakazi kila mwisho wa wiki. Nyumbani kwake hawakujua yai la aina nyingine.

Kisha ugonjwa ukaingia mabandani. Kuku walizolewa kwa koleo, na mabanda yakabaki na mlio wa feni tu. Meneja akawakusanya wafanyakazi, akasoma majina, akashukuru kwa niaba ya kampuni. Baba Pacha alilisikia jina lake kama mtu anayesikia jirani akiitwa. Akavua glavu, akazikunja vizuri, akaziweka juu ya meza. Njiani alisubiri huzuni imshike. Haikumshika. Alichosikia ni miguu yake tu ndani ya buti za mpira.

Nyumbani hakusema kitu. Kesho yake alivaa buti zilezile, akaaga, akaenda kuketi hospitali, kwenye benchi la wagonjwa wa nje, mahali ambapo mtu anaweza kushinda kutwa bila kuulizwa. Alikaa akitazama wenzake wakiitwa. Mara moja muuguzi alimuuliza anaumwa nini. Alifikiri kidogo, akajibu kwamba bado hajajua.

Kiinua mgongo alikificha kazini kwa fundi viatu, rafiki yake. Kila mwisho wa mwezi alikimega kidogo, akampelekea mkewe kama mshahara. Mama Pacha alizipokea noti bila kuzihesabu.

"Pole na kazi, Baba Pacha," alisema.

"Nimeshapoa."

Wakati huo mayai yalikuwa yamepanda bei kila mahali. Watu waliyazungumza kama wanavyozungumza habari za msiba. Kwenye duka la karibu na makutano ya barabara, mwanamke mmoja aliyekuwa mbele ya Baba Pacha alilinyanyua yai, akalitikisa sikioni.

"Kaka, humu mna kiini au mna dhahabu?"

"Dada yangu," muuza duka alimjibu, "hata mimi nikiyapanga, mikono inatetemeka."

Mwanamke akanunua mawili, akaondoka akinung'unika. Zamu ya Baba Pacha ilipofika, muuza duka alimjazia ndoo kama kawaida.

"Wewe toa ileile ya zamani," alisema, macho yakiwa kwenye droo.

Mara ya kwanza Baba Pacha alidhani mtu amekosea. Mara ya pili akaelewa kwamba anaonewa huruma. Zamani jambo kama hilo lingemnyima usingizi. Sasa alipokea tu, kama mtu anayepokea chenji.

Nyumbani hali ilikuwa ileile, ila mkewe alikuwa ameanza kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni. Alisema kukaa bure kunamuumiza mgongo. Baba Pacha aliona ajabu mgongo kutibiwa kwa kuinamia beseni, lakini hakuuliza. Jioni alimwona akipaka mafuta vidole vilivyochubuka kwa sabuni, akageuza uso dirishani.

"Baba," mmoja wa pacha aliuliza siku moja mezani, "redioni wamesema kuku wamekufa. Mbona wa kwenu wanataga tu?"

Baba Pacha akamega tonge jingine, akalichovya kwenye mchuzi.

"Wa kazini kwa baba wamechanjwa," Mama Pacha alidakia, akimsogezea mtoto sahani. "Kula. Maswali yanapoza chakula."

Baba Pacha alishukuru kimoyomoyo kwamba mkewe ni mtu wa kuamini haraka.

Jumamosi iliyofuata hakumkuta muuza duka. Alikuwa amesafiri kwenda mazishini, na nyuma ya kaunta alisimama mkewe, mwanamke mnene mwenye kalamu nyweleni. Alihesabu mayai, akataja bei. Baba Pacha akaweka pesa zake juu ya kaunta.

"Haitoshi, shemeji."

"Mumeo huniuzia kwa bei ya zamani." Sauti yake ilitoka bapa, haina aibu wala ombi. "Ni wema wake tu. Kama wewe huwezi, sitakulaumu. Nitachukua ya kutosha pesa hii."

Mwanamke aliangua kicheko mpaka akashika kaunta.

"Wema? Mume wangu? Yule hata mimi mkewe akinipa soda ananidai chupa!"

Baba Pacha hakucheka. Alianza kuyatoa mayai ndooni, moja moja, akiyarudisha kwenye trei. Alikuwa akifikiria kwamba wiki hii nyumbani yatafika machache, na kwamba itabidi atunge sababu.

Mwanamke aliacha kucheka. Akamtazama usoni, macho yakateremka hadi kwenye buti, yakapanda tena.

"Hebu ngoja. Wewe si mume wa yule dada anayefua mashuka nyumba ya wageni?"

"Ndiye mimi."

"Si ungesema mapema!" Aliyachukua mayai kutoka mikononi mwake, akayarudisha yote ndooni. "Chukua, shemeji, wala usiwe na wasiwasi. Mkeo alishaleta nyongeza jana. Huyo hajakosa Ijumaa hata moja, tangu wiki ile ulipoachishwa kazi."