Majina Matatu ya Ng'ombe Mgeni

Zizini kwa Mama Naisula aliingia ng'ombe mwekundu wa asili ya Bara Hindi, akiringa.

"Naitwa Sahiwali, Lola na Montgomeri. Niiteni yote."

"Hapa jina ni moja," alisema Kibyongo, ng'ombe mkongwe wa kienyeji. "Mama hukuita kwa hilo uende kukamuliwa."

Jioni Mama aliwaita wote, kila mmoja kwa jina lake. Mgeni alibaki peke yake, kiwele kikimuuma.

Ndipo Mama akamfuata, akaipapasa ngozi iliyoning'inia shingoni mwake kama kanzu pana. "Pole, Kanzu wangu."

Kibyongo alicheka. Mgeni alitaka kununa, lakini maziwa yalikuwa yameshaanza kudondoka.

Kesho yake jina la kwanza kuitwa lilikuwa la Kibyongo. Aliyefika mbio, bila kungoja lake asije akaachwa tena, alikuwa Kanzu.