Matawi ya Konani

Bi. Sikudhani alimsindikiza mwanawe Hamdani, dereva wa lori, kwa dada mmoja mtafiti wa usalama wa barabarani. Chumbani mlikuwa na kiti, usukani, pedali ya mafuta na skrini kubwa yenye picha ya kona ileile ya mlimani iliyokuwa ikimnyima mama usingizi.

"Endesha kama siku zote, kaka," dada alisema. "Mimi natazama mguu tu."

"Mama, leo nikipinduka naangukia sakafuni," Hamdani alitania.

Akakipita kibao cha kupunguza mwendo kama hakukiona. Mama akafumba macho. Mara ya pili, dada akaweka pichani matawi mabichi, yale madereva wanayotandaza barabarani gari likiharibika. Mguu wa Hamdani ukainuka wenyewe.

"Na kibao je?"

"Kibao kipo kila siku, dada. Matawi ni mwenzangu amekwama."

Dada hakumkaripia. Alisema atachora konani mistari ya kukata barabara inayozidi kusongamana, dereva aone kama anazidi kwenda kasi, ili mguu ushtuke kabla ya akili. Bi. Sikudhani akamtazama kwa heshima. Yeye alikuwa amemwonya Hamdani miaka yote, na wala hakuwahi kuutazama mguu.

Jioni alikwenda kwenye kona yenyewe ya mlimani, akakuta matawi makavu yaliyoachwa na lori lililokwisha kuondoka. Enyi mnaoyaacha, alilalamika moyoni, dereva akizoea matawi ya uongo, siku ya kweli hainui mguu. Akayaokota na kuyatupa mbali na barabara. Alibakiwa na la mwisho mkononi aliposikia lori la mwanawe likija. Akasimama kando, tawi kifuani, akisikiliza mngurumo ule kama utapungua.