Kile cha Kijani

Kabla sijafungua mdomo kumzuia, baba alikwishalitia kinywani lile donge la kijani, lote kwa mkupuo. Alidhani ni parachichi.

Mhudumu alikuja mbio. "Mzee, hiyo ni wasabi! Ni kali kuliko pilipili, huonjwa kwa ncha ya uma tu."

Baba aling'ang'ania ukingo wa meza kwa vidole vyake vya useremala. Machozi yakamtiririka hadi kwenye nyama na viazi vya kuponda. Nikamsogezea maji, akayasukuma kando.

Mgahawa huu ulitamaniwa na marehemu mama: Ujapani na Uzungu katika sahani moja. "Siku moja mtanipeleka," alikuwa akisema. Tulipomzika, macho ya baba yalikuwa makavu kama mbao zake. Watu wakamsifu: "Huyo ndiye mwanamume!"

"Baba, bado inawasha?"

"Inawasha, mwanangu. Kwani huoni?"

Chakula kilipoa, na bado alikuwa akilia, taratibu, bila sauti. Hatimaye akajifuta uso kwa kitambaa, akavuta pumzi ndefu, akamwita mhudumu.

"Binti, hebu niongezee kile cha kijani."